Chupa ya Mafuta na Bunduki ya Kuazima

Wanangu hunitania kwamba mimi ni Mzanzibari pekee Maskati nzima ambaye nyumbani kwake hamna mafuta ya nazi. Mchuzi wa nazi napika, mkate wa kumimina napika, lakini mafuta yake siyataki ndani. Nimewapa sababu nyingi kwa miaka mingi, mara yananiumiza kichwa, mara yanaharibu foronya. Mwezi uliopita, baada ya arubaini ya mama, binti yangu mkubwa alikuja na kichupa cha mafuta hayo akakiweka dirishani bafuni. Ilikuwa baridi imeshaingia. Asubuhi nikakikuta kimeganda, cheupe pepepe, nikakaa kitako nikalia mpaka mtumishi akaja kugonga mlango.

Nyinyi wa rika langu, mliokuja wadogo kama nilivyokuja mimi, mtanielewa upesi kuliko wanangu. Wao wanaijua Sib, hapa kando ya Maskati, ya maduka na taa. Sisi tunaijua Sib ya nyumba za makuti ya mtende, mchanga ndani ya wali, na wanawake wa jirani wakituchungulia mlangoni wasikie lugha yetu.

Tulipoondoka Unguja, baada ya mapinduzi, tulikuwa watatu, baba, mama na mimi. Nilikuwa na miaka saba naingia wa nane. Huku hatukuwa na mtu isipokuwa Ami Seif, mtoto wa ami yake baba, ambaye ujanani aliwahi kuuza dukani Unguja kisha akarudi kwao. Alikuwa na uwanja mkubwa karibu na pwani, akatupa chumba kimoja cha makuti upande wa zizi la mbuzi. Silalamiki. Wako waliokuja wakati ule wasipate hata upande wa mbuzi.

Baba kwao alikuwa mpimaji wa karafuu. Alikuwa akitia mkono ndani ya gunia, anakamata gao moja, analifumba kidogo ndani ya kiganja, halafu anakwambia kama zimekauka sawasawa au zimetiwa maji. Mizani ilikuja baada yake kuthibitisha tu. Sasa huku Sib hakuna karafuu, na ule mkono haukuwa na kazi. Kutwa alikaa barazani kwa Ami, anasikiliza wanaume wakizungumza Kiarabu cha haraka ambacho yeye, aliyesoma Kiarabu cha msahafu, alikishika nusunusu. Wenzake wote walipita na bunduki begani na jambia kiunoni. Baba alipita na mwavuli wake wa Unguja, katika mji ambao mvua ilikuwa habari ya kusimuliwa. Watoto walimfuata nyuma. Mimi pia siku moja nilimfuata pamoja nao nikicheka, na hilo najua alilisikia.

Baridi ya pili ilipofika, Ami alikuja na habari. Liwali wa Sib alikuwa anataka askari wawili wa ngomeni. Kazi ya askari ilikuwa kukaa mlangoni, kufuata msafara, kupeleka barua. Mshahara mdogo, lakini mtu analala kwake. Sharti lilikuwa moja, na kila mwanamume wa huku alilitimiza tangu ndevu hazijaota: awe na bunduki na awe anaijua. Ami aliona haya kumpeleka kwa liwali mtu anayetembea na mwavuli. Basi alipanga kwanza wende kuwinda, kwenye uwanda wa changarawe nyuma ya Sib, chini ya milima, na mkubwa wa askari awepo ajionee mwenyewe. Baba akiangusha paa mbele yake, kazi ni yake. Akishindwa, ilibaki njia moja, ile waliyoishika wengi wetu: kwenda Kuweti peke yake kutafuta kibarua, na sisi tubaki pale kwenye mbuzi.

Haya yote niliyasikia kwa mama, ambaye alikuwa akinisuka na kuzungumza peke yake juu ya kichwa changu. Alisema akija na paa, atabaki. Nikaishika hiyo. Akija na paa, atabaki.

Siku ya kwenda Matrah, mji wa bandari, kuchagua bunduki nililia mpaka wakanichukua. Tulipanda lori lililopita ufukweni wakati maji yametoka. Duka la fundi wa bunduki lilikuwa dogo, lina giza, linanuka chuma na baruti, na fundi mwenyewe alikuwa mzee mnyamavu mwenye vidole vyeusi mpaka kwenye maungio. Alitandika gunia chini, akalaza juu yake bunduki tatu. Ami ndiye aliyekuwa mkalimani.

Baba aliinama moja kwa moja akachukua ya marisau, zile chembe za risasi. Ndiyo aliyoijua. Alipokuwa kijana alikuwa akifuatana na wenzake kwenda msituni upande wa kusini wa Unguja kuwinda paa, na huko mbwa na watu hupiga kelele upande mmoja wa kichaka, paa akachomoka upande wa pili hatua kumi kutoka kwako. Unamwaga marisau tu. Ami alicheka, si kwa ubaya, akamwambia kwamba paa wa huku hana kichaka cha kujifichia wala wewe huna. Anakuona tangu uko mbali. Ukimkaribia sana, bado ni mwendo wa kutoka dukani pale mpaka kwenye lango la mji.

Ya pili ilikuwa ile nene ya zamani, ya risasi moja moja, ambayo wazee wengi walikuwa nayo. Baba aliinua risasi yake, kubwa kama kidole gumba, na nikasema kwa sauti kwamba hiyo ndiyo nzuri. Fundi aliponielewa alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akaeleza, na Ami akatafsiri, kwamba hiyo inaangusha ngamia, lakini inakwenda pole pole na inashuka njiani. Ukilenga kifua unapiga kwato. Moshi wake unakufunika macho. Tena maganda yake yameshajazwa baruti mara nyingi humo humo sokoni, na nyingine baruti imeingia unyevu.

Ikabaki ya tatu, ya Kiingereza, ya komeo la kuvuta na kusukuma, yenye risasi ndefu nyembamba. Hiyo ndiyo ilikuwa bunduki ya uwanda ule. Lakini risasi zake zilikuwa aina mbili, na hapo mazungumzo yakawa marefu. Za kwanza zilikuwa na ncha kali kama zilivyotoka kiwandani. Fundi alisema zinapita ndani ya mnyama kama sindano. Paa anakimbia na tundu lake, anakwenda kufia mbali, na ukimfikia hana uhai, na mtu mwenye kumwogopa Mungu hatii kisu wala hali nyama ile. Za pili yeye mwenyewe alizipiga tupa nchani zikawa butu. Hizo zinamlaza pale pale. Bega litaharibika, lakini unamkuta anahema, unamchinja kwa bismillahi na roho yako imetulia.

"Wasemaje, bin ammi?" Ami aliuliza.

Baba aliinama tena kwenye gunia. Alichukua zile butu, akawa anazitia kiganjani moja baada ya moja, anafumba mkono kidogo, anafumbua. Nilikuwa sijamwona akifanya vile tangu Unguja. Alitenga mbili akazirudisha juu ya gunia, akasema hizi nyepesi. Fundi alizitazama, akazipima kwenye mizani yake ndogo ya shaba, kisha akamtazama baba kwa namna nyingine. Alimwambia Ami maneno machache. Ami akasema, "Anasema mkono wako una macho." Baba akachagua tano. Alipotoka dukani na bunduki ile ya kuazima begani, nikaona anatembea vingine kabisa, na nikamshika mkono makusudi watu wajue kwamba ni wangu.

Kabla hatujaondoka fundi aliipangusa bunduki yote kwa kitambaa kikavu, nje na ndani, akasema iachwe vivyo hivyo mpaka irudi. Mafuta yanakamata mchanga. Ami alitafsiri na baba akaitikia. Mimi nilisikia sawasawa, lakini niliona ni ubahili. Niliona mzee yule hataki mafuta yake yatumike.

Sasa nikuelezeni chupa. Mama alikuja na chupa moja ya mafuta ya nazi aliyopewa na mama yake siku tuliyoondoka. Bibi aliyapika mwenyewe, akayatia asumini ndani. Mwaka ule ule tuliofika huku, barua ilikuja kusema bibi amefariki, tena imechelewa miezi. Tangu hapo mama hakuyatumia ovyo. Aliyafunga ndani ya kanga, kanga ndani ya sanduku, na siku ya Idi alichovya ncha ya kidole akanipaka miguuni, akisema mtoto asitoke amepauka akaonekana hana mama. Baridi yakiganda, aliiweka chupa karibu na makaa mpaka yayeyuke. Mimi nilikuwa nikimtazama akifanya hivyo. Nilijua kwamba yanaganda. Nimelifikiria hili miaka hamsini na zaidi, na bado sijui vipi mtoto anaweza kujua jambo na lisimjie siku anapolihitaji.

Siku moja kabla ya kuwinda, adhuhuri, mama alikwenda kisimani na baba alikuwa msikitini. Bunduki ilikuwa imetundikwa ukutani, na mimi nikaiona imepauka. Hiyo ndiyo fikra yangu yote, sina nyingine ya kuitetea. Bunduki ya baba imepauka kama haina mama, na kesho itatoka mbele ya watu. Nikapanda juu ya sanduku nikaiteremsha. Nikayeyusha mafuta kwenye makaa kama nilivyoona. Nilikusudia tone moja tu. Nikapaka mti wake, ukang'aa, nikafurahi, nikapaka chuma. Nikaona komeo lina nafasi, nikamimina humo, na pote palipokuwa na tundu nikamimina. Halafu nikazitoa risasi mkandani nikazipaka moja moja, zote tano, kwa kidole gumba. Nilipomaliza, chupa ilikuwa tupu. Nikaifunga ndani ya kanga, nikairudisha, nikaomba Mungu mama asiifungue mpaka Idi.

Baba alitoka alfajiri baada ya kusali. Ilikuwa baridi ya kukata mifupa. Nilikuwa nimejifunika isipokuwa macho, na nilimsikia mama akimpa tende na kumwambia kwaheri ya kuonana. Alikuwa na sauti laini siku ile. Alimwambia aende na roho safi huko aendako, maana mkono wake Mungu kauumba kwa kazi. Nalitaja hili kwa sababu sikumsikia tena akisema naye vile.

Yaliyotokea uwandani nilisimuliwa na Hamad, mtoto wa kiume wa Ami, ambaye alikuwa na miaka kama ishirini na aliisimulia hadithi ile kwa yeyote aliyekuwa na masikio. Walimwacha baba apige wa kwanza kama mgeni. Paa alisimama peke yake kwenye changarawe, ubavu wazi, hatikisi hata sikio. Baba alilala chini vizuri, akalenga vizuri, hata mkubwa wa askari aliinua nyusi. Akataja jina la Mungu akafyatua. Ikalia tik. Akavuta komeo, zito, akatia nyingine. Tik. Ya tatu vile vile. Hamad alikuwa anaigiza na kidole chake, tik, tik, na wasikilizaji wakishika mbavu. Paa aliinua kichwa akawatazama, kisha akaondoka, na Hamad ndiye aliyempiga, paa akikimbia.

Walirudi kabla jua halijawa kali. Mimi nilimwona paa mabegani mwa Hamad nikakimbia nikiruka. Paa amekuja. Baba atabaki. Sikuona sababu ya kuangalia ni nani aliyembeba.

Wanaume walikaa uwanjani. Wanawake walikuwa jikoni, mama pamoja nao, na baina yetu na wao palikuwa na ukuta wa makuti tu. Ami alikuwa bado na heshima. Alisema risasi za sokoni hizi, hazina dhamana. Akaziomba zile tatu zilizokataa, akatia moja ndani ya bunduki yake mwenyewe ya aina ile ile, akaelekeza pwani. Ikapiga kwa kishindo mbuzi wakatawanyika. Akatia ya pili, nayo ikapiga. Risasi za baba zilikuwa nzima.

Basi Ami akachukua bunduki ya kuazima, akalichomoa komeo, akatia kidole ndani. Kidole kilitoka na utando mweupe mzito. Akaunusa. Mkubwa wa askari naye akausogelea akanusa. Kile kisindano cha ndani kinachogonga fataki kilikuwa kimezama ndani ya mafuta yaliyoganda, kikigonga bila nguvu. Haya nimeyaelewa baadaye. Wakati ule nilichokiona ni mafuta ya mama kwenye kidole cha Ami.

"Nani katia hichi?" Ami aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

Baba alikuwa amekaa akiangalia chini. Aliinua uso, akanitazama mimi niliyesimama kando ya mlango wa jikoni. Alinitazama kidogo tu.

"Mie," akasema.

"Weye? Fundi hakukwambia?"

"Alinambia. Lakini kwetu Unguja ndivyo tufanyavyo. Nikaona haidhuru."

Ami alifuta kidole kwenye mchanga. Akasema pole pole, kwa masikitiko ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, "Ya bin ammi, mimi ntamwambia nini liwali? Nimwambie nnakuletea askari anayepaka bunduki mafuta ya nywele?"

Mkubwa wa askari ndiye aliyeanza kucheka, na Hamad akafuata. Hamad ndiye aliyemtunga jina siku ile ile, Bu Narjil, Baba Nazi, na mpaka Ijumaa Sib nzima ilikuwa imelishika.

Mnataka kujua mimi nilihisi nini. Nilihisi nafuu. Nawaambieni ukweli kwa sababu nimekwisha kuwa mzee. Nilisikia baba anasema ni yeye, nikashusha pumzi, kwa kuwa sasa mama hatanipiga. Nikaona baba ni mwerevu sana. Nyama ilipogawiwa tulipewa paja, na mimi nikala nikashiba, huku nikihesabu akilini mwangu kwamba mambo yote mawili yamekwenda vizuri: paa amepatikana na chupa imepata mwenyewe. Nilidhani kinachotakiwa ni nyama iingie nyumbani. Ya kwamba ingeingia kwa mkono wa nani, halikunipitia akilini.

Mama hakula. Alitoka jikoni, akaingia chumbani, akafungua sanduku, akafungua kanga. Nilimfuata mpaka mlangoni. Aliipindua chupa juu ya kiganja chake, akaiacha imepinduka muda mrefu, na hakikutoka kitu. Baba alipoingia, mama alimwambia neno moja tu.

"Ungeniomba."

Baba alifungua kinywa, akaniona nyuma ya pazia la mlango, akakifunga. Akatoka nje akakaa na mbuzi.

Siku zile zilizofuata mama alimpikia, alimfulia, alimtandikia, na hakumsemesha. Hakuwa na hasira za kelele. Bunduki ilirudishwa Matrah na Hamad. Habari ya Kuweti ilianza kutajwa kwa Ami, kwanza kwa mbali, kisha karatasi za ruhusa zikaanza kutafutwa, na mimi nikauliza kwa nini, mbona paa alikuja. Mke wa Ami alinitazama akasema maskini mtoto huyu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, kipande kipande, na kila nilipoelewa kipande niliona afadhali ninyamaze mpaka kesho yake.

Siku ya safari mama alisema anaumwa kichwa. Alibaki amelala akiuelekea ukuta, na baba akasimama mlangoni na kifurushi chake, akasema, "Haya mama, mie nnakwenda." Mama akasema, "Mungu akuweke," bila ya kugeuka. Mimi na Ami tukamsindikiza mpaka Matrah.

Meli ilikuwa imesimama mbali na watu walipelekwa kwa mashua. Ami alikwenda kuzungumza na mwenye mashua kuhusu mizigo, tukabaki wawili tumekaa juu ya kifurushi. Nilikuwa nimelipanga neno langu tangu Sib, lakini lilikuja lote vibaya.

"Baba, ni mimi."

"Nnajua."

"Mafuta. Niliyapaka mimi."

"Nnajua, mwanangu. Nilipozitoa risasi kule, kila moja ilikuwa na alama ya dole gumba. Kidogo hivi." Akanionesha kwa kucha yake. "Nikazifuta wasizione. Komeo sikufikiria kulitazama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Ami angenipiga, basi. Kipigo kinapona, wangekwenda kuwinda siku nyingine. Nilikuwa na miaka minane, lakini hesabu hiyo niliiweza.

Baba akasema, "Uliniangalia kwa namna ambayo sikuweza." Na baada ya hapo, "Usimwambie mama yako. Yale mafuta ya mama yake yule. Kwangu mie atasamehe. Mie mume tu, hasira za mume zinakwisha. Ukimwambia ni weye, zitabaki nyumbani na weye peke yako, na mie sipo."

Akanibusu juu ya kichwa akashuka kwenye mashua. Hakuchukua mwavuli. Alisema Kuweti mvua hainyeshi.

Barua zake zilikuja, za mwandiko mzuri wa mpimaji. Kila barua ilikuwa na salamu za mama kwanza, ndefu, kisha zangu. Mama alizisoma mara mbili, akanipa mimi nijibu. Aliniambia niandike kwamba hajambo. Najua alikuwa anakusudia siku moja kushika kalamu mwenyewe, kwa sababu alinunua karatasi na bahasha, akaziweka sandukuni. Mwaka wa tatu baba alianguka kazini, kwenye jengo lililokuwa linajengwa, akazikwa huko huko. Habari ilikuja kwa mdomo wa mtu aliyerudi, kabla hata ya barua.

Haukupita muda mrefu akaja sultani mpya, nchi ikafunguka. Waliorudi kutoka kila pembe walipata kazi, nasi tukapata, mimi nikasoma, nikafundisha, nikaolewa, mama akaja kukaa kwangu. Nyumba yetu ipo Al-Khoudh, nyuma ya Sib. Mabasi ya wanafunzi yanapita nje, na uwanda wa changarawe umekwisha kwa majumba. Ami Seif alifariki, akimsifu baba kwa wema wake na kumcheka kwa mafuta yake, yote kwa pumzi moja. Harusini na mazikoni nilisikia nikitambulishwa, huyu binti wa Bu Narjil, na watu wakatabasamu. Nikatabasamu nao. Nilikuwa nimeamrishwa nisimwambie mtu mmoja, mimi nikanyamaza kwa wote, na nikaita kunyamaza kwangu utiifu. Nilipofika miaka thelathini niliita utiifu. Nilipofika hamsini nilikuwa sina tena jina zuri la kuliita jambo hilo, ila nilijua kwamba ni uoga.

Siku chache kabla hajafariki mama alikuwa na akili timamu, mwili tu ndio uliokataa. Ilikuwa baada ya alasiri, nimemfungulia pazia. Nilikuwa namkata kucha. Bila ya kuanzisha, kama mtu anayeendelea na mazungumzo, akasema:

"Siku ile sikugeuka kumtazama."

Sikuuliza siku gani.

"Chupa ilikuwa chupa tu," akasema. "Mama yangu angempa kwa mikono yake. Mie mwenyewe ningempa. Nlokasirikia ni kwamba hakuniomba. Miaka yote hii najiuliza. Alikuwa mtu wa kuomba ruhusa hata ya kunywa maji yangu. Kwa nini lile hakuniomba?"

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na kidole chake ndani ya vidole vyangu. Aligeuza kichwa akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiuliza kweli, hayakuwa ya mtu anayesemea ovyo. Baba alikuwa amekufa zaidi ya miaka hamsini. Hakuna aliyebaki wa kunipiga. Nikaukata ukucha uliokuwa mbele yangu.

"Labda aliona haya, mama," nikasema.

Alifikiri kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa mtu wa haya sana." Akafumba macho, akanipa mkono wa pili nimkate kucha.